Vichekesho vya magendo ya bangi: nani anayechekwa mpakani?

Mwezi Desemba mwaka 2024, Maktaba ya Bunge la Marekani iliitangaza filamu ya Up in Smoke kuwa miongoni mwa filamu 25 zilizoongezwa mwaka huo katika orodha ya kitaifa ya kazi za sinema zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978. Inawahusu vijana wawili wapiga muziki, wote wavutaji bangi, ambao wanavuka mpaka kutoka Mexico kuingia Marekani wakiendesha gari ambalo bodi yake yote imeundwa kwa bangi. Wao wenyewe hawana habari.

Kichekesho kama hicho, ambacho wakosoaji wengi wa wakati wake walikiona cha kipuuzi, kimepewa heshima ya kuwekwa pamoja na kazi nzito za sanaa. Miongoni mwa sababu zake ni sura za wachekeshaji wenyewe: mmoja ni Mmarekani mwenye asili ya Mexico, na mwingine ni mtoto wa baba Mchina.

Tangu wakati huo, vichekesho kuhusu magendo ya dawa za kulevya vimekuwa aina ya filamu inayojitegemea nchini Marekani. Ukizitazama filamu hizo kwa makini, utaona kwamba zinazungumzia jambo ambalo kila msafiri mwenye pasipoti ya nchi maskini au mwenye jina la kigeni analifahamu: ni nani anayepekuliwa mpakani, na ni nani anayepungiwa mkono apite.

Makala haya yanazitazama filamu tatu za aina hiyo, za miaka ya 1978, 2008 na 2013, na namna zinavyowaonyesha watu wa asili mbalimbali.

Gari lililoundwa kwa bangi

Up in Smoke iliongozwa na Lou Adler, mtayarishaji mashuhuri wa muziki. Iligharimu takriban dola milioni 2 na kuingiza zaidi ya dola milioni 40 katika majumba ya sinema.

Waigizaji wakuu ni Cheech Marin na Tommy Chong, ambao tayari walikuwa wamejipatia jina kwa kurekodi vichekesho katika sahani za santuri. Marin ni Pedro, kijana wa Los Angeles mwenye gari lililopambwa na kushushwa hadi kukaribia kugusa lami. Chong ni mtu anayeitwa Man, mpiga ngoma mwenye ndevu na nywele ndefu, aliyeondoka nyumbani kwa wazazi wake matajiri.

Katika mkasa mmoja, wawili hao wanajikuta wamekamatwa na maafisa wa uhamiaji pamoja na jamaa za Pedro, na kurudishwa Tijuana, Mexico. Pedro anamweleza mwenzake kwamba ni jamaa hao wenyewe waliowapigia simu maafisa wa uhamiaji, kwa kuwa walikuwa wakienda harusini huko Tijuana na walitaka kusafirishwa bure.

Ni mzaha mfupi, lakini ndani yake mna historia ndefu. Kufukuzwa nchini, jambo linalotisha kila familia ya wahamiaji, kunageuzwa kuwa usafiri wa umma. Serikali inadhani inawaadhibu watu, kumbe watu ndio wanaoitumia serikali.

Huko Tijuana wanafika katika anwani isiyo sahihi na kukabidhiwa gari lile la bangi. Wanaporejea mpakani, kikosi cha Sajini Stedenko, aliyeigizwa na Stacy Keach, kinawasubiri walanguzi. Kwa makosa yao wenyewe, askari hao wanalisimamisha gari la watawa wa kike na kuwapekua watawa. Pedro na Man wanapita.

Katika filamu nzima hakuna mtu mjinga kuliko askari. Wavutaji bangi ni wazembe na wasahaulifu, lakini wasimamizi wa sheria ndio wenye kiburi, na kiburi ndicho kinachochekwa.

Mchicano na mtoto wa Mchina

Marin alizaliwa Los Angeles mwaka 1946. Baba yake alikuwa askari polisi wa jiji hilo. Yeye alisoma chuo kikuu huko California, kisha akaenda Kanada wakati wa vita vya Vietnam ili kukwepa kuandikishwa jeshini.

Huko Vancouver ndiko alikokutana na Chong, aliyezaliwa Edmonton mwaka 1938 kwa baba Mchina na mama mzungu. Kabla ya kuwa mchekeshaji, Chong alikuwa mpiga gitaa katika bendi ya Bobby Taylor and the Vancouvers, iliyorekodi chini ya kampuni ya Motown, na alishiriki kutunga wimbo wao wa mwaka 1968 kuhusu mapenzi baina ya watu wa rangi tofauti.

Wamarekani wenye asili ya Mexico, hususan wale waliojiunga na harakati za kudai haki katika miaka ya 1960 na 1970, walijiita Wachicano. Mwaka 1968 wanafunzi wao waligoma na kutoka madarasani mashariki mwa Los Angeles wakilalamikia elimu duni. Hata hivyo, katika sinema za Hollywood walikuwa nadra kuonekana, na walipoonekana walikuwa watumishi, majambazi au watu wa kupita njia.

Pedro alikuwa kitu kipya kwa maana moja: yeye ndiye mwenye hadithi. Lugha yake inayochanganya Kiingereza na Kihispania, gari lake, jamaa zake na mtaa wake vilionyeshwa bila kutolewa maelezo kwa mtazamaji mgeni. Aliyevijua alicheka mapema. Asiyevijua alilazimika kuwafuata wenzake.

Lakini lipo la kulaumiwa pia. Pedro ni mvivu, hana kazi ya kueleweka na mawazo yake ni bangi na wanawake. Hizo ndizo sifa zilezile ambazo wabaguzi waliwabandika Wamexico kwa miaka mingi. Mchicano aliyekuwa akitafuta kazi ya heshima mwaka 1978 alikuwa na haki ya kujiuliza iwapo Pedro alikuwa amemsaidia au amemharibia.

Kwa upande wa Chong, hali ni ya aina nyingine. Mhusika wake ana wazazi wazungu, na filamu haisemi lolote kuhusu uchina wake. Kwa hiyo hakuna mzaha hata mmoja wa kumkejeli kwa asili yake, lakini pia asili hiyo inatoweka kabisa.

Ili kupima uzito wa jambo hilo, inafaa kukumbuka yaliyokuwa yakitendeka katika studio nyingine. Mwaka 1980 Peter Sellers, Mwingereza, alipakwa rangi na kuigiza kama Mchina katika The Fiendish Plot of Dr. Fu Manchu. Mwaka 1981 Peter Ustinov, Mwingereza mwingine, aliigiza kama mpelelezi Mchina Charlie Chan. Wakati wazungu walipokuwa wakiigiza kama Wachina, mtoto wa Mchina alikuwa akiigiza kama mtoto wa mzungu, na hakuna aliyeuliza swali.

Neno lenye historia

Uhusiano wa bangi na Mexico katika fikra za Wamarekani haukuanza na sinema.

Sisi Waswahili tulilipata neno bangi kwa njia ya Bahari ya Hindi, pamoja na maneno mengine mengi ya biashara kutoka Uajemi na Bara Hindi. Wamarekani walilichukua neno la Kihispania cha Mexico, na sheria ya kodi ya mwaka 1937, iliyoupiga vita mmea huo nchini kote, ilitumia neno hilo hilo katika jina lake. Hivyo mmea ukapewa uraia wa kigeni, na mgeni akapewa harufu ya mmea.

Mwezi Septemba mwaka 1969, serikali ya Rais Richard Nixon iliamuru magari yote yanayotoka Mexico yapekuliwe. Kwa takriban wiki tatu misururu ya magari ilisimama mpakani, biashara ikazorota, na dawa zilizokamatwa zilikuwa chache kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1971 Nixon alitangaza kwamba matumizi ya dawa za kulevya ndiye adui namba moja wa umma.

Kichekesho cha askari wanaopekua watawa huku gari la bangi likipita kilitungwa katika nchi iliyokuwa bado inaikumbuka misururu hiyo.

Kutoka ndege ya Amsterdam hadi Guantanamo

Miaka 30 baadaye, mpaka ulikuwa umehamia katika viwanja vya ndege.

Harold & Kumar Escape from Guantanamo Bay ilitoka mwezi Aprili mwaka 2008, ikiwa ni mwendelezo wa filamu ya mwaka 2004. Iliandikwa na kuongozwa na Jon Hurwitz na Hayden Schlossberg. Harold anaigizwa na John Cho, aliyezaliwa Seoul, Korea Kusini. Kumar anaigizwa na Kal Penn, aliyezaliwa New Jersey kwa wazazi waliotoka Gujarat, India.

Marafiki hao wanapanda ndege kwenda Amsterdam. Katika ukaguzi, Kumar anamlalamikia afisa wa usalama kwamba amechaguliwa apekuliwe kwa sababu ya rangi yake. Afisa mwenyewe ni mtu mweusi. Na tena Kumar, pamoja na malalamiko yake ya haki, kweli amebeba bangi.

Ndani ya ndege, bibi mmoja wa kizungu anamtazama kijana huyo na katika mawazo yake anamwona gaidi. Kumar anapotoa kiko cha maji alichokiunda ili avute bila kutoa moshi, jina la Kiingereza la chombo hicho, ambalo matamshi yake yanakaribiana na ya neno bomu, linazusha taharuki. Wawili hao wanapelekwa katika gereza la Guantanamo.

Afisa wa usalama wa taifa, aliyeigizwa na Rob Corddry, anaamini kwamba amegundua njama ya pamoja ya Korea Kaskazini na Al-Qaeda, kwa kuwa tu mmoja wa watuhumiwa ana uso wa Kikorea na mwingine ana uso wa Kihindi. Anapowahoji wazazi wa Harold anamleta mkalimani wa Kikorea. Wazazi wanajibu kwa Kiingereza fasaha, lakini afisa hawasikii, maana masikio yake yamekwisha kuamua kwamba watu wa sura ile hawawezi kusema Kiingereza.

Ni vigumu kupata picha iliyo wazi zaidi ya namna ubaguzi unavyofanya kazi. Mtu anaongea, na anayemsikiliza anasikia uso.

Filamu hiyo haiwaachi mashujaa wake wakiwa safi. Wakiwa kusini mwa Marekani wanapata ajali, na watu weusi wa mtaa huo wanawasogelea wakiwa na vyuma mikononi. Harold na Kumar wanatoka mbio kwa hofu. Watu wale walikuwa wamekuja kuwasaidia. Waliotoka kubaguliwa ndani ya ndege nao walikuwa na ubaguzi wao mfukoni.

Familia isiyopekuliwa

Mwezi Agosti mwaka 2013 ilitoka We're the Millers, iliyoongozwa na Rawson Marshall Thurber. Iligharimu dola milioni 37 na kuingiza takriban dola milioni 270 duniani kote, kiasi ambacho filamu mbili zilizotangulia hazikukikaribia.

David, aliyeigizwa na Jason Sudeikis, ni muuza bangi mdogo wa mjini Denver. Anaporwa fedha na dawa, na ili alipe deni anatumwa kuleta shehena ya bangi kutoka Mexico. Anapata wazo la kuunda familia ya uongo. Jirani yake anayecheza dansi ya kuvua nguo, aliyeigizwa na Jennifer Aniston, anakuwa mke. Msichana asiye na makao na kijana jirani wanakuwa watoto. Wanakodi gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani yake, wanavaa nguo za heshima, na kuondoka kama watu wa likizo.

Msingi wa hadithi nzima ni kwamba hakuna afisa atakayeishuku familia ya kizungu ya tabaka la kati. Ngozi, mavazi na tabasamu ndivyo vibali vyao.

Hii ni kejeli kali, na kwa miezi hiyo ilikuwa na ushahidi nje ya sinema. Mwezi Juni mwaka huo huo, shirika la kutetea haki za kiraia la Marekani, ACLU, lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba mtu mweusi nchini humo alikuwa na uwezekano wa kukamatwa kwa kosa la kumiliki bangi mara 3.73 zaidi ya mzungu, ingawa makundi hayo mawili yalivuta bangi kwa viwango vinavyokaribiana. Takwimu hizo zilikuwa za mwaka 2010.

Lakini filamu inaigusa kejeli hiyo na kuiacha. Inapofika Mexico, inawakuta watu wa namna mbili: walanguzi wenye bunduki na askari anayedai rushwa. Bwana mkubwa wa walanguzi, Pablo Chacon, anaigizwa na Tomer Sisley, aliyezaliwa Berlin kwa wazazi Waisraeli na kufanya kazi zake Ufaransa. Askari mla rushwa anaigizwa na Luis Guzmán, mzaliwa wa Puerto Rico.

Kwamba mwigizaji ametoka nchi nyingine si hoja peke yake. Kazi ya mwigizaji ni kuwa asiye yeye. Hoja ni kwamba Mexico nzima inawakilishwa na uhalifu, na hata uhalifu huo haukupewa Wamexico wauigize katika nafasi zake kubwa. Hadithi inawapa familia ya uongo muda wa kubadilika, kupendana na kusameheana. Wenyeji wa nchi waliyoitembelea hawapati hata jina la kukumbukwa.

Wanawake, na watu wasioonekana

Filamu zote tatu zina udhaifu unaofanana. Wanawake katika Up in Smoke ni wapitaji, na wengi wao wanachekwa kwa ulevi au kwa miili yao. Katika filamu ya 2008 wanapendwa na kusubiri. We're the Millers ilimpa Aniston nafasi ya kuwa na akili na ulimi mkali, lakini matangazo yake yaliutegemea sana mwili wake.

Wamarekani weusi, ambao ndio waliojaza magereza kwa makosa ya dawa za kulevya, hawako katikati ya filamu yoyote kati ya hizi. Jambo hilo lina maana. Kuichekea bangi ni anasa ya mtu anayetarajia kurudi nyumbani jioni.

Nje ya sinema

Chong mwenyewe hakurudi nyumbani jioni. Mwaka 2003, katika msako wa nchi nzima dhidi ya wauzaji wa vifaa vya kuvutia bangi, alishtakiwa kwa biashara ya viko vya kioo iliyohusisha kampuni ya familia yake. Alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha miezi 9 na kuachiliwa mwezi Julai mwaka 2004. Waendesha mashtaka walizitaja filamu zake mahakamani kama mfano wa kuifanyia mzaha kazi ya vyombo vya sheria.

Mzaha wa mwaka 1978 ulikuwa umelipiwa miaka 25 baadaye.

Marin alifuata njia nyingine. Mwaka 1987 aliandika na kuongoza Born in East L.A., kuhusu raia wa Marekani anayefukuzwa kupelekwa Mexico kwa sababu tu ya sura yake na kwa kuwa hana kitambulisho mfukoni. Alitumia fedha zake kununua michoro ya wasanii Wachicano, na mwezi Juni mwaka 2022 jumba la sanaa lenye jina lake lilifunguliwa mjini Riverside, California.

Kal Penn aliacha uigizaji kwa muda mwaka 2009 na kwenda kufanya kazi katika Ikulu ya Marekani chini ya Rais Barack Obama.

California nayo iliruhusu bangi kwa watu wazima kwa kura ya mwezi Novemba mwaka 2016, na maduka yakaanza kuiuza kwa uhalali tarehe 1 Januari mwaka 2018. Katika sheria za serikali kuu ya Marekani, hata hivyo, kuivusha mpakani kulibaki kuwa kosa, na kwa mhamiaji asiye na uraia kosa dogo la bangi limekuwa likitosha kumfukuzisha nchini.

Namna ya kuitazama filamu ya aina hii

Msomaji anayetaka kupima uwakilishi katika kichekesho cha magendo anaweza kuanza na maswali machache.

La kwanza, ni ujinga wa nani unaotuchekesha? Katika Up in Smoke ni wa Sajini Stedenko, na katika filamu ya 2008 ni wa afisa wa usalama. Pale mzaha unapomwangukia mwenye madaraka, mnyonge hupumua.

La pili, ni nani anayeruhusiwa kuwa na familia? Pedro ana wajomba na harusi za kwenda. Harold ana wazazi. Wamexico wa mwaka 2013 wana bunduki.

La tatu, ni nani aliye nyuma ya kamera? Marin na Chong waliandika filamu yao wenyewe, na ndiyo maana hata kasoro zake zinanuka jikoni kwao. Hurwitz na Schlossberg hawana asili ya Asia, lakini waliwaandikia Cho na Penn watu kamili. Asili ya mwandishi husaidia. Bidii ya kumjua jirani husaidia pia.

La nne, nani hayumo kabisa? Swali hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu asiyekuwepo hapigi kelele.

Katika orodha ile ya Desemba 2024, Up in Smoke iliingia pamoja na filamu nyingine zenye maisha ya Wachicano: American Me ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Edward James Olmos, na Mi Familia ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Gregory Nava. Moja ni ya magereza na magenge, nyingine ni ya ukoo mmoja katika vizazi vitatu. Zikiwekwa pamoja, Pedro hana tena mzigo wa kuwawakilisha watu wake wote peke yake, na anaweza kurudi kuwa alivyokuwa tangu mwanzo, yaani mchekeshaji.